Nani Kakubali Kucheza?

Leo nakuja na ugomvi, mtanisamehe.

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja alitumia kurasa tatu nzima kutufundisha gari la michezo ni lipi. Milango miwili, viti viwili, bodi imelala chini, pua ndefu, paa la kufungua. Akamaliza kwa kutamka kwamba kwa kipimo hicho mkoa wote wa Mara hauna hata gari moja la michezo, na kwa barabara tulizonazo hautakaa uwe nalo. Makala ile niliisoma kwa sauti kijiweni kwetu, nyuma ya stendi ya Tarime. Ndiyo, kijiwe chetu kinasoma, msitudharau.

Sikufika mwisho. Kijana mmoja mpiga debe wa gari za Mugumu alinikata kauli. "Muongo huyo! Sisi spoti tunazo mpaka tunazipanga foleni. Hizi hapa!" Akaonyesha Probox tatu zilizokaa juani zikisubiri kujaa. Kijiwe kikaangua kicheko, watu wakagongeana mikono, na hukumu ikapita palepale bila hakimu: gari la michezo la Tarime na Serengeti ni mchomoko.

Mimi nasema wote wawili wamepotea. Mwenzetu wa kurasa tatu kapotea kwa sababu anapima gari kwa picha. Kijiwe kimepotea kwa sababu kinapima gari kwa roho za watu wengine. Naanza na huyu wa kwanza, maana kosa lake ni dogo, haliui mtu.

Hivi viti viwili na paa la kufungua vilitoka wapi? Vilitoka kwenye barabara za wenyewe. Waingereza walikuwa na vijia vyao vyembamba vya lami, kona baada ya kona, mji na mji hata jasho halikutoki. Wakatengeneza vigari vyepesi vya watu wawili, akina MG na Triumph, vikawafaa sana. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni kulichukua umbo lile na kuligeuza sheria ya dunia nzima. Ni sawa na mtu aliyekariri tarbia akatangaza kwamba ubeti usio na mistari minne si ushairi. Ugomvi huo humu ndani tunaujua, au siyo? Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 watu wamerushiana maneno juu ya vina na mizani mpaka sauti zikakauka. Wengi wenu mnaoandika mashairi huru ndio haohao niliowasikia wakimpigia makofi bwana wa milango miwili. Mnanishangaza.

Na hata hao wenye umbo hilo, ukiwauliza vizuri, hawakwambii habari ya umbo. Chukua Mazda MX-5, iliyotoka mwaka 1989. Injini ya cc 1600, nguvu za farasi zisizozidi 120, uzito chini ya tani moja. Kwenye barabara iliyonyooka gari la familia lenye injini kubwa kidogo linaiacha ikikohoa vumbi. Lakini zimetengenezwa zaidi ya milioni moja, na watu wanaipenda kama mtoto wa mwisho. Kwa nini? Wajapani walioiunda walisema walichotaka ni mpanda farasi na farasi wake wawe kitu kimoja. Yaani usukani ukwambie tairi la mbele linafanya nini sasa hivi. Breki ikuambie imebakiza kiasi gani. Kiti kikupe habari kwamba mkia umeanza kuteleza kabla macho hayajajua. Gari la kazi unaliuliza limebeba nini. Gari la michezo unaliuliza linaendeshwaje. Basi. Milango ni shauri la seremala.

Ndiyo maana hata Toyota Altezza, iliyotoka mwaka 1998 na milango yake minne, ina haki ya kuitwa spoti kuliko vigari vingi vya milango miwili. Inasukumwa na tairi za nyuma, na uzito wake umegawanywa kwa akili. Tatizo letu ni vijana wa mjini wanaoinunua ikiwa nzima, halafu siku ya kwanza wanaipeleka gereji ikakatwe springi ili "ilale". Gari limelala kweli: kila tuta la barabarani linalibusu tumbo. Halafu spoila. Nimeona hapa Tarime kigari cha cc 1000 kinachovutwa na tairi za mbele, kimefungiwa nyuma bawa kubwa utadhani kinataka kurukia Sirari. Bawa lile linataka mwendo mkubwa ndipo upepo ulikandamize. Kwa spidi 40 ya kukwepa mashimo, upepo hauna hata habari kwamba lipo. Huo si mchezo, ni kuzuga.

Sasa twende kwenye barabara zetu, maana hoja ya mwenzetu kwamba rafu rodi haiwezi kuzaa gari la michezo ndiyo iliyonikera kuliko zote.

Mwaka 1953, kuanzia Mei 27 hadi Juni mosi, yalifanyika mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waliyaita Coronation Safari, kwa heshima ya malkia wa Uingereza aliyekuwa anatawazwa. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari Rally, na kuanzia 1973 yakahesabiwa katika ubingwa wa dunia. Tope, vumbi, mito isiyo na madaraja, ng'ombe katikati ya njia. Hebu angalia nani walishinda. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilishinda 1954, ikarudia 1957, ikarudia tena 1962. Gari la mwalimu mkuu! Peugeot 404, sedani ya milango minne, ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 na mwaka 1968 barabara ilikuwa katili kiasi kwamba kila mara ni magari 7 tu yaliyofika mwisho.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, na mdogo wake Jaswant akimsomea njia, walichukua Volvo PV544 iliyokuwa imeshachoka kwa mashindano ya wenzao, wakaondoka wa kwanza, wakarudi wa kwanza. Mwaka 1974 huyohuyo Joginder, na Mitsubishi Lancer ya cc 1600, alimwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa kwenye Porsche 911. Msikie vizuri: Porsche 911! Gari ambalo mwenzetu wa kurasa tatu angelipa cheti bila kulifungua mlango. Mwaka 1978 Porsche ikaja tena, ikawa ya pili tena. Mashindano yale ya ubingwa wa dunia Porsche haikuyashinda hata mara moja. Mcheza kwao hutuzwa, lakini pia mgeni anatakiwa aulize kwanza uwanja ukoje.

Sitaki kudanganya ili nishinde ubishi. Gari la viti viwili lilishinda: Datsun 240Z, mwaka 1971, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kwa hiyo umbo lile halikatazwi. Ila lilishinda kwa sababu liliistahimili njia, siyo kwa sababu lilikuwa zuri kwenye kalenda. Halafu Mehta huyohuyo akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun ya kawaida ya kifamilia. Na kama bado unang'ang'ania ukubwa na ubabe, kumbuka mwaka 1993 Subaru walileta Vivio, kigari cha cc 660 ambacho ukikiegesha karibu na mkokoteni watu watauliza kipi kinavuta kipi. Patrick Njiru wa Kenya alikifikisha mwisho, akawa wa 12.

Basi mwenzetu wa kurasa tatu nimemalizana naye. Akitaka kujibu, kurasa zipo.

Kazi ni kijiwe. Kwa sababu kijiwe kina akili, na hoja niliyoitoa hapo juu wao ndio waliidaka haraka kuliko nilivyotaka. "Sasa mura," akaniambia yule mpiga debe, "umejifunga mwenyewe. Kama Peugeot ya kubebea watu ni spoti, Probox inakosa nini? Inapita makorongo, inapita vumbi, inachomoka Tarime saa moja, saa tatu uko Mugumu. Madereva wetu ni wakali kuliko huyo Joginder wako. Wangepewa kofia ngumu na namba ubavuni ungewaona kwenye televisheni."

Kwa wasomaji wa mbali: Probox ni gari dogo la mizigo la Toyota, lilianza kutengenezwa mwaka 2002. Kule Japani ni gari la kampuni; linabeba kalamu, mashine za fotokopi na bwana mmoja mwenye tai. Uwezo wake wa mzigo haufiki nusu tani. Likifika kwetu linabatizwa jina la mchomoko, kwa kuwa linachomoka. Dereva na abiria wawili mbele, wanne kiti cha kati, na nyuma kwenye buti panatandikwa kibao au godoro chakavu, wanakaa wengine wawili, siku ya mnada hata watatu. Mizigo inapanda juu. Njia ya Tarime, Nyamwaga, Nyamongo, Mto Mara mpaka Mugumu inalijua gari hili kuliko linavyojulikana kiwandani kwake.

Na nakubali: madereva wale ni wakali. Nimekaa nao. Anasoma rangi ya udongo akiwa mbali na anajua pale pana mchanga na pale pana jiwe. Anashusha gia kabla ya korongo, siyo ndani ya korongo. Anajua kwamba kwenye changarawe usukani hauvutwi, unaombwa. Ukimpa mtu yule kozi ya miezi sita na mafundi wa kueleweka, sijui angefika wapi. Na gari lenyewe ni jepesi, haliringi, halina kitu cha kuvunjika ovyo. Kwa kipimo changu mwenyewe cha mpanda farasi na farasi, mchomoko umefaulu karibu kila kitu.

Umeanguka kwenye kimoja tu. Nacho sikukisoma kitabuni.

Miaka michache nyuma nilipanda mchomoko Tarime kwenda Mugumu. Nilikaa mbele, nusu kiti, goti langu kwenye rungu la gia. Nyuma kwenye buti alikaa bibi mmoja na mjukuu wake, wamekunja miguu, wanatazama kule tulikotoka. Dereva alikuwa kijana wa rika langu, tunafahamiana kwa sura. Tulipofika Nyamongo nilikuwa nimeshalewa mwendo. Najua mnaelewa. Redio juu, vumbi linabaki nyuma kama pazia, na mimi, mwandishi mzima, napiga dashibodi kofi: "Kanyaga mura! Kanyaga!" Akakanyaga.

Bibi alisema kitu. Redio ikammeza. Akasema tena kwa sauti: "Wanangu, sisi huku nyuma hatuoni mbele."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, naandika hapa ili ibaki.

Baada ya kuvuka Mto Mara tukalikuta lori. Ukilifuata lori kwenye njia ile unakula vumbi mpaka ufike, kwa hiyo dereva akaamua kulipita ndani ya vumbi lake lenyewe, kwa kubahatisha. Mbele kulikuwa na pikipiki. Aliikwepa. Na aliikwepa vizuri kwelikweli, ule ufundi niliousifia hapo juu ulifanya kazi yake yote. Mkia ukateleza, akaukamata, ukateleza upande wa pili, akaukamata tena, tukaishia mtaroni tumesimama kwa tairi zote nne. Sisi wa mbele hatukupata hata mkwaruzo. Bibi alivunjika mfupa wa bega. Mjukuu wake alichanika juu ya jicho kwa bati la ndoo.

Hesabu yake si ngumu. Spidi ikiongezeka mara mbili, kinachotakiwa kuzimwa na breki kinaongezeka mara nne. Ukipakia watu nyuma ya ekseli ya nyuma, pua inakuwa nyepesi, na tairi za mbele ambazo ndizo zinazovuta na kukata kona zinashika kidogo. Dereva wetu alikuwa anacheza na chombo ambacho tayari kilikuwa kimelemazwa na nauli. Lakini si fizikia iliyoniumiza. Iliyoniumiza ni yaliyofuata.

Jioni ile Mugumu, na kesho yake Tarime, stori ilikuwa moja: "Alivyoikamata!" Mikono ikawa inageuka usukani hewani. Nani aliisimulia kwa mbwembwe kuliko wote? Mimi. Nikaenda mbali zaidi, nikaiandika hadithi fupi. Dereva akawa shujaa, lori likawa la majambazi, Probox nikaipaka rangi nyekundu na kuiondolea milango miwili. Bibi nilimfuta. Hakuwa na kazi katika hadithi. Na hadithi ile ilisifiwa, jamani. Nililipwa kwa kusomwa.

Ndiyo hoja yangu kwa kijiwe, na hapo hatuongei tena habari ya injini. Mchezo unakuwa mchezo pale waliomo wamekubali kucheza. Kwenye bondia wawili wote wamevua mashati. Kwenye rali wamo wawili tu, mwenye usukani na msoma njia, wote wamevaa kofia ngumu, wote wamefungwa mikanda, wote wamesaini, wote wanatazama mbele. Yule bibi alisaini wapi? Alilipa nauli afike kliniki. Hakununua tiketi ya mashindano. Unapomweka kwenye buti, mgongo kwa barabara, halafu ukashindana na lori, wewe si mwanamichezo. Umeweka bega la mtu mwingine kwenye kamari yako. Hata uwe fundi namna gani, hata gari liwe jepesi namna gani, siku hiyo gari lako si la michezo, na kulipa jina hilo ni kumtukana Joginder na bibi kwa pamoja.

Hapo yule mpiga debe alinipiga swali la haki, nami silikwepi. Alisema: "Na huko Safari, ng'ombe na watoto wa vijijini walisaini wapi?"

Hawakusaini. Ni kweli. Kwa miaka mingi Safari ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi, matatu na mikokoteni ikiwa njiani, na helikopta zikitangulia angani kuangalia kuna nini mbele. Iliendelea hivyo mpaka 2002, ndipo ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka 2021 pale Naivasha, ilirudi kwenye njia zilizofungwa. Wapo wazee wanaosema utamu umekwisha, siku hizi ni mbio za uani. Mimi nasema afadhali. Uhondo ule wa zamani ulikuwa na watu ndani yake ambao hawakuulizwa, na hata nikimpenda Shankland namna gani siwezi kujifanya sijui. Kwa hiyo ndiyo, hoja yangu inauma mpaka kwangu. Peugeot ile iliyoshinda nayo ilikuwa gari la michezo nusunusu, kila ilipopita kijiji ambacho hakikuambiwa.

Mwingine akasema, sasa unataka tufanyeje, tuendeshe spidi 50 kama watalii wa hifadhini? (Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwisho ni kilometa 50 kwa saa, na magari ya maelfu ya dola yanatii, kwa sababu ya swala. Sisemi zaidi.) Nikamjibu kwamba sijakataza mtu spidi. Nimekataza jina. Ita biashara, ita haraka, ita njaa, maana najua hesabu ya mwenye gari jioni haisubiri, na dereva akirudi na pungufu anakatwa yeye. Huyo dereva naye, ukimtazama sana, hakukubali kucheza, analazimishwa. Mchezo wa kulazimishwa unaitwaje? Lakini tukishauita "spoti" tunampa sifa badala ya nauli nzuri, tunampigia makofi ili asidai matairi mapya.

Na hapa nageukia kwetu, sisi wa kalamu. Wengi tulianza kusoma kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, na tangu hapo tunaamini shujaa bila gari ni karani. Sina ugomvi na Musiba, alinifundisha kufungua ukurasa wa pili. Ugomvi wangu ni na miswada yetu. Nimesoma mingi mwaka huu. Zinapita humo Ferrari nyekundu zikitoka Mugumu kwenda Nata wakati wa masika bila kuchubuka! Kila shujaa anakata kona kwa mkono mmoja. Hakuna anayekaa nyuma. Hivi hamjaona? Katika hadithi zetu zote za magari kiti cha nyuma kiko tupu, na buti lina fedha au maiti, halina bibi. Tumewafuta wote kama nilivyomfuta wangu, halafu kijana wa stendi anatusoma na kujiona.

Yule dereva alikaa pembeni miezi kadhaa. Tulikutana tena mwaka jana, amerudi barabarani na Probox nyingine, ya mtu mwingine. Hatukuongea habari za bibi. Aliniuliza tu kama bado naandika uongo. Nikamwambia naandika kuhusu gari la michezo, na mabishano ya kijiwe nikamweleza yote. Alisikiliza, akatafuna mdomo, akasema, "Kesho alfajiri uje uwanja wa mnada. Kesho siyo siku ya mnada."

Nilikwenda. Uwanja ulikuwa mtupu, umande umelaza vumbi, harufu ya ng'ombe wa juzi bado ipo. Alikuwa ameng'oa kibao cha buti na kushusha keria. Tairi ya akiba aliiacha chini ya mti. Akaniambia nikae. Halafu akainama, akaingiza mkono chini ya kitambaa cha kiti, akavutavuta kitu kilichokuwa kimezikwa kule tangu gari linunuliwe, akaniwekea mapajani. Mkanda. Sikuwahi kujua kwamba gari zile zina mikanda.

"Funga," akasema. Naye akafunga wake. "Unakubali?"

Nikasema nakubali.

Sitaielezea sana, maana nimeshawatukana wenzangu kwa kupamba. Nitasema tu kwamba gari lililokuwa linanung'unika kila siku kwenye ile njia siku ile lilikuwa jepesi kama mtu aliyetua kuni. Alilizungusha kwa kidole. Alilitupa upande, likarudi likiulizwa tu. Uso wake sikuwahi kuuona vile: hakuwa akishindana na lori, wala saa, wala mwenye gari. Mara mbili alisimama kabisa katikati ya uwanja akanionyesha alama za tairi kwenye umande, hapa nilichelewa, hapa niliwahi. Dakika kumi, labda kumi na tano. Kama mwenzetu wa kurasa tatu bado anataka kujua mkoa wa Mara una gari la michezo, lilikuwepo siku ile, na milango yake yote mitano.

Saa kumi na mbili na nusu alitazama saa. Tukarudisha keria, tukapakia tairi ya akiba, tukafunga kibao cha buti kwa kamba ya katani. Mkanda akausukuma tena chini ya kitambaa kwa sababu abiria wawili wa mbele hauwatoshi. Tukaingia stendi. Yule mpiga debe alikuwa ameshaanza.

"Mugumu! Mugumu hii inatoka! Mmoja tu! Mama, panda, nafasi ipo huku nyuma!"